Shubiri Moja

Kwa kirumbizi, ile ngoma ya fimbo ya harusini, watu wa Pate hawakuwahi kubishana nani bingwa. Fimbo zikianza kugongana, macho yote yalikuwa kwa Gharib na sahibu yake Shekhan. Miaka ishirini na tatu walicheza, na hakuna aliyemchubua mwenzake hata ukucha. Ndiyo maana watu wa filamu walipotoka Nairobi wakapiga kambi Ras Kitau, waliwaajiri hao wawili wapigane mbele ya kamera.

Hillary, mwalimu wa mapigano, aliwafunza siku sita. Fimbo ipite shubiri moja ya mkono mbele ya uso. Anayepigwa akirushe kichwa pembeni na ajipige paja, ili pigo lisikike. Kamera ikae nyuma ya mgongo wa mpigaji, ile nafasi ya shubiri isionekane. Wakafanya vizuri mno, na balaa lilianzia hapo hapo. Mtu mmoja aliyesimama karibu na kamera alirekodi kwa simu yake, na kipande kile kikazunguka visiwa vyote: Shekhan anakula fimbo ya kichwa, anaanguka kama gunia.

Wiki tatu baadaye presha ilimpanda Shekhan, mshipa wa kichwani ukapasuka, akafa. Daktari alisema ni presha. Lakini daktari gani anayeweza kushindana na simu? Harusini Gharib hakupata tena wa kucheza naye. Shubiri iliyokuwa kipimo cha usalama wao ikamgeukia shubiri ya kunywa, ile dawa chungu. Hayo aliyavumilia. Lililomla ndani ni Hadia, mjane wa Shekhan, aliyemkataza kuhudhuria khitma ya mtu aliyekula naye sahani moja tangu utotoni.

Siku moja baada ya alasiri alichukua fimbo akaenda kuomba jambo moja tu, aonyeshe ilivyokuwa. Hadia alikuwa kwenye eda, hawezi kutoka mbele ya mwanamume asiye maharimu wake, akakubali kutazama kutoka chumbani, mlango umeachwa wazi kidogo. Kakake, Taha, akasimama uani mahali pa Shekhan, uso mlangoni. Gharib akasimama mbele yake, mgongo mlangoni. Mazoea yana taabu. Siku sita alifunzwa kumpa mtazamaji mgongo, na maskini hakukumbuka kwamba leo mtazamaji alitakiwa aione ile nafasi.

Akarusha fimbo. Taha akajipiga paja, kichwa kikaenda pembeni.

Chumbani kukatoka mguno.

"Hakunigusa, Hadia," Taha alisema. "Wallahi hakunigusa."

Gharib alikwisha kuliona kosa lake. "Bi Hadia, niruhusu nigeuke ubavu. Utaiona nafasi."

"Kwenye simu mbona hukugeuka, Bwana Gharib?" Hadia alijibu. "Shekhan naye alinambia hukumgusa. Kila nikimuuliza, hucheka. Hangekutaya jina, alikuwa akikupenda. Lakini mimi nimeona kwa mato yangu, na leo nimeona tena."

Mlango ukafungwa, komeo likasikika.

Gharib alijua hapo kwamba hakuna neno lililobaki duniani la kumtetea. Hata hivyo akageuka ubavu, kama alivyoomba, akainua fimbo aonyeshe.

Taha akarudi nyuma hatua mbili.