Siku Tisa za "Inaendelea"

Nichekeni tu, maana mie mwenyewe nimeshachoka kujionea aibu, na aibu ikikaa sana inageuka kiatu kinachobana, unakivaa kwa kuwa huna kingine. Mie ndiye yule karani aliyewaita kina mama wote wa Mtoni (na nusu ya wa Mbagala, wakipenda kubisha waje tuhesabu) walete watoto kliniki siku moja, kwenye zahanati yenye mabenchi sita na mzani mmoja.

Cheti changu cha kompyuta nilikipata masomo ya jioni, kiko sebuleni kwenye fremu kubwa kuliko televisheni, na ndicho kilichonipa kazi ya kumbukumbu pale zahanati. Kazi ya kwanza kila siku ilikuwa kufika saa kumi na mbili asubuhi, kufungua kanzidata ya watoto, kuandika neno la siri, halafu kubonyeza kitufe kimoja, basi, kina mama ambao watoto wao wana zamu siku inayofuata wanapata ujumbe: "Kesho mlete mtoto kliniki." Hiyo saa kumi na mbili aliitaka Sista Bertha, mkuu wetu, ili kina mama wausome kabla hawajatoka kwenda kwenye biashara zao. Neno la siri nalo lilikuwa lake, kwa sababu habari za wagonjwa si habari za barazani, na alishatuambia kwamba anayetaka kuliandika mahali akaliandike kwenye kaburi lake. Nikimaliza kubonyeza, foleni ya dirishani imeshaanza, nakunywa chai nimesimama kama askari wa lindo.

Sasa mwezi ule nilikuwa nina jambo. Barua ya posa ilishapelekwa kwa kina Tumaini, kule Ubungo, na siku ya kwenda kusikiliza majibu ilishapangwa, bado wiki tatu. Mama yake, mwalimu mstaafu, mjane, alikuwa hajawahi kuniona, ila alishauliza mara mbili kama huyo kijana ni mtu wa kutegemewa, na Tumaini (Mungu amsamehe) akamjibu kwamba zahanati nzima inamtegemea.

Basi mie huyo wa kutegemewa nikachoka kuamka alfajiri. Nikasema, kompyuta si ina ratiba yake, unaiambia saa fulani fanya kitu fulani, inafanya, wewe umelala? Nikaipanga. Nikaijaribu mbele ya Sista Bertha, ikafungua kanzidata yenyewe, kidirisha cha neno la siri kikatokea, na vidole vyangu kwa mazoea vikaliandika kabla hata akili haijafika. Ujumbe ukaenda. Sista akasema "Mmh", ambayo kwake ni pongezi, na mie nikaenda kuwatangazia wenzangu kwenye chai kwamba kuanzia Jumatatu mashine inafanya kazi peke yake.

Jumatatu nikalala. Nilipofika, nikaangalia orodha ya ratiba, nikakuta kazi yangu imeandikwa "inaendelea". Safi. Jumanne, "inaendelea". Siku tisa nimekunywa chai nimekaa, tena na chapati, na kila nikichungulia nakuta inaendelea, nikajiona fundi. Sista Bertha akauliza mbona kina mama wamepungua, wanaokuja ni wale wanaosoma tarehe kwenye kadi tu. Nikamwambia ni mvua. (Ilinyesha siku moja.)

Siku ya kumi ndipo nikajiuliza, kazi ya dakika mbili inaendelea vipi tangu Jumatatu ya wiki iliyopita? Kumbe nilikuwa nimeipanga ifanye kazi hata kama hakuna mtu aliyeingia kwenye kompyuta, kwa hiyo kile kidirisha kilifunguka huko ndani kusikoonekana, kikauliza neno la siri, na kikabaki kinasubiri vidole vyangu. Siku tisa mashine imesimama mlangoni inabisha hodi, mie nakula chapati.

Mtu mwenye busara angekwenda kwa Sista akaungama. Mie nikaizima ile kazi, nikachukua neno la siri nikaliandika ndani ya maelekezo ya ratiba, wazi kabisa, sawa na kufunga kufuli kisha ufunguo ukauning'iniza kwenye komeo, nikaiwasha. Safari hii iliingia bila hodi. Ikakuta majina ya siku zote ambazo ujumbe haukwenda, na kwa kuwa ni mashine tiifu, ikawatumia wote kwa mpigo: kesho mlete mtoto kliniki. Mie nikaona "imekamilika", nikashukuru, nikaenda nyumbani.

Hiyo kesho sitaisahau. Foleni ilitoka getini, ikakata kona kwenye duka la dawa, ikashika Barabara ya Kilwa, na nasikia mkia wake ulikuwa Rufiji. Watoto wanalia kwa sauti zote nne za kwaya. Chanjo ikaisha saa nne. Sista Bertha akanipa kalamu ya kuandika namba kwenye kadi, akarudi kwenye mzani wake. Kina mama ndio walionisema. "Braza, hiyo kesho yenu ni ya lini? Maana mie kadi yangu inasema ilikuwa wiki iliyopita."

Nikajibu kama tunavyojibuga wote mjini hapa. Mtandao ulisumbua.

Kwenye benchi la tatu akainuka mama mmoja wa miwani, amembeba mjukuu, akasema kwa utulivu wa mtu aliyezoea kunyamazisha madarasa. "Mwanangu, mtandao haujui kesho. Hiyo kesho kaiandika mtu. Mimi nimetoka Ubungo kwa ajili ya huyu mtoto, mama yake anaishi hapa Mtoni, yuko kazini. Niambie ukweli nijue nakaa au naondoka."

Nikamtazama vizuri, nikaiona sura ya Tumaini, imeongezewa miaka thelathini na miwani.

Mbele ya mama mkwe mtu hasimami hivihivi, na wala mkwe hadanganywi mara mbili. Nikamwamkia shikamoo, nikamweleza yote kwa sauti, kina mama wote wanasikia: kitufe, usingizi, kidirisha, siku tisa, mvua ya uongo, hata chapati. Sista Bertha alikuwa nyuma yangu. Mama akaitikia "Marahaba", akasema basi atakaa, akakaa. Hakuniuliza jina, na mie sikulitaja.

Sista alilibadilisha neno la siri siku hiyohiyo, akanipangia Jumamosi tatu za kuwahudumia waliokosa chanjo, na kidole changu akakirudisha kwenye kitufe, kila saa kumi na mbili asubuhi.

Siku ya posa nikaingia kwa kina Tumaini nyuma ya mshenga na baba mdogo, nimejikunja kama bahasha. Mama alikuwepo, miwani ileile. Mjomba wao ndiye aliyekuwa msemaji, akaongea vizuri, tukanywa juisi, mama naye akinywa yake, nikaanza kujipa moyo kwamba wazee husahau sura. Mshenga alipouliza jibu tutalipata lini, mama akaweka glasi chini, akanitazama juu ya miwani.

"Kesho," akasema. "Tutawatumia ujumbe."

Kesho ikapita. Na kesho yake. Tumaini nikimuuliza anasema hajui, ila anasema huku anacheka. Siku ya tano niliacha kula, siku ya saba baba mdogo akaanza kunitajia mabinti wa kanisani kwao. Siku ya kumi, saa kumi na mbili kamili asubuhi, niko zahanati kidole kiko juu ya kitufe, simu ikalia. Namba siijui. "Karibuni Jumamosi, jibu ni ndiyo. Ujumbe huu nimeubonyeza mwenyewe."

Nikabonyeza na wangu. Sitaiachia tena mashine mlango wenye kufuli halafu nikalale. Chai nakunywa nimesimama.