Mimba Ambazo Mwanaamina Hakuzihesabu

Saa kumi na mbili asubuhi, ndege wanashuka kwenye shamba la mpunga kama walioitwa karamuni. Juu ya dungu lake, jukwaa la miti la kulindia mpunga katika bonde la Mohoro, Mwanaamina Mrisho (31) anavuta kamba yenye makopo, anapiga ukelele. Wanaruka, wanazunguka, wanarudi. Ndege hawa hawana haya hata kidogo.

"Ukipepesa macho tu, umevuna mabua," anasema akicheka. Kisha anashika tumbo, na kicheko kinakatika.

Ana mimba ya wiki saba. Nne zilizotangulia ziliharibika, zote kabla ya wiki ya kumi.

"Ile ya tatu ilinitokea hapa hapa. Nikashuka ngazi peke yangu, nikajisafisha kwa maji ya dumu, nikapanda tena. Mpunga ungeisha. Ningemwambia nani mie?"

Huku mimba changa haitangazwi. Watu wanaogopa husda. Ikiharibika, wanawake husema damu imeshuka, basi. Haina jina wala matanga. Ndiyo maana mara mbili alizowahi kufika kliniki na kuulizwa mimba ya ngapi, Mwanaamina alijibu, "Ya kwanza." Ikaandikwa hivyo kwenye kadi, na mwenye mimba ya kwanza hakuna anayemuuliza kuhusu zilizoharibika.

Mwaka jana, baada ya ile ya nne, alikwenda kliniki kutibiwa homa. Muuguzi Salama akamuuliza kama mama yake yu hai.

"Nikamwambia alikufa siku ya tisa baada ya kunizaa. Mguu ulivimba, kisha pumzi ikakata. Watu walisema kakanyaga kitu cha watu."

Muuguzi akaweka kalamu chini, akauliza zaidi. Hapo ndipo Mwanaamina alipozitaja zote nne, kwa mara ya kwanza maishani.

Alipelekwa Dar es Salaam kupimwa. Ilionekana amerithi damu inayoganda upesi. Daktari hakumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa: huenda ndiyo sababu ya mimba kuharibika, huenda kuna jingine. Lakini mama yake, kwa dalili zile, yaelekea aliuawa na donge la damu lililotoka mguuni likaziba mapafu; kwa hiyo akishika mimba tena awahi kliniki mapema, aangaliwe kwa karibu, na pengine achomwe sindano kila siku.

"Nililia sana. Kumbe mama hakurogwa. Na mie nimekaa kimya mara nne."

Wiki mbili sasa amechelewa kwenda kliniki. Kushuka dungu mpunga ukiwa unaiva ni kuutangazia mtaa mzima kwamba ana mimba, kuanzia kwa mama mkwe wake, Bi Zaitun.

"Nitamwambia mama mimi," anasema mumewe, Bushiri, aliyesimama chini ya ngazi.

"Hapana, baba. Nitamwambia mwenyewe."

Anashuka taratibu, anamkabidhi mumewe kamba. Gari la kwenda kliniki linapita saa mbili.

"Salama akiniuliza ni ya ngapi, nitamjibu ya tano," anasema, akifunga kanga. "Aziandike zote. Nilizibeba."