Sura ya Binti Yangu Kwenye Jalada

Wasomaji wenzangu, asalaam aleikum. Mhariri ameniahidi kulificha jina langu, Mwenyezi Mungu amlipe. Mimi ni mwanamume wa miaka arubaini na sita, mkazi wa Nguvumali hapa Tanga. Shule niliishia darasa la nne, lakini herufi nazijua kwa vidole, maana kazi yangu ni kuzipanga katika kiwanda kidogo cha chapa. Nina mke, na binti mmoja wa miaka kumi na tisa.

Mwaka jana rafiki yangu wa siku nyingi, nitamwita Bakari, silo jina lake, alitaka kutoa gazeti dogo la muziki: habari za dansi na taarabu, na maneno ya nyimbo mpya. Akaniambia, "Sheikh, wewe ndiye unayewajua watu. Nipangie liwapendeze." Nikampangia kwa moyo wote. Nilimwambia wanunuzi wetu ni watu wa mashamba ya mkonge na wa vijijini, mmoja husoma na kumi husikiliza. Basi herufi ziwe nene, beti ziwe fupi, na jalada liwe na picha kubwa, nyuma yake tuache peupe, mtu alichane abandike ukutani bila kupoteza wimbo. "Na isiwe ya Mzungu," nikasema. "Iwe sura ya kwetu."

Siku ya kuchapa Bakari akaja na picha aliyoipiga mkewe uani kwa wanawake, harusini kwa mpwa wangu. Ni binti yangu. Buibui hana, kichwa wazi, ameinua tari, anacheka.

"Hii je? Ukikataa, naichana sasa hivi."

Wallahi niliitazama kama fundi, sikuitazama kama baba. Nikaona mwanga ulivyokaa, na mkono ulivyoijaza nafasi. Binti alikuwa ameshaposwa kijijini Tongoni, nami nikajisemea, wakwe wale si wasomaji, gazeti litawafikia wapi? Mimi niliyelitengeneza kwa ajili ya wasiosoma! Nikasema, "Weka."

Lilikwisha kwa siku nne. Kwa vinyozi, mikahawani, kwenye vibanda vya manamba, vibarua wa mkonge, hadi Maramba huko, kila ukuta binti yangu anacheka.

Mama wa mchumba akaja, hata kukaa hakukaa. "Mwenzangu," alimwambia mke wangu, "sisi tulileta posa kwa mwari wa ndani. Huyu wenu yuko kwa kinyozi, wanaume wananyolewa ndevu huku wamemkodolea macho. Mwanangu amwoe yeye, au auoe ukuta?"

Mke wangu akanigeukia palepale. "Nani kaitoa picha ile?"

Nikajibu, "Bakari."

Neno moja tu, jamani. Kufika alasiri mtaa mzima unalo. Gazeti limekufa, na Bakari msikitini watu hawampi mkono. Hakujitetea hata mara moja. Ijumaa nilimfuata nje, akanitazama kwa utulivu ulioniumiza kuliko kofi. "Mimi nina wana wa kiume tu, nitastahimili," akasema. "Ila usinisalimie tena." Nami nasimama safu ya mbele, watu wananipa pole.

Posa imerudishwa. Binti hatoki nje, hata kisimani anakwenda mamaye. Juzi ananimiminia maji ya kutawadha, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Baba, kila sala namwombea Bakari apofuke. Ni dhambi?"

Nikamaliza kutawadha. Nikaenda kuswali, na sijui niliswali nini.

Nikisema kweli, mwanangu aliyekwisha kumpoteza mume atampoteza na baba. Nikinyamaza, dua zake zinamwangukia asiye na kosa, nami nazisikia. Ninyi wenye mabinti, na ninyi mabinti wenyewe, niambieni: nimweleze, au nife nalo? Tafadhalini msikawie. Macho yangu yamechoka kwa kazi, na gazeti hili likifika nyumbani, anayetusomea mimi na mamaye ni yeye.