Haka wa Malaba

Akwii Emorut ana saiba, kibanda cha kompyuta na intaneti, mjini Malaba, karibu na foleni ya malori ya mpakani. Huchapisha stakabadhi za mizigo na kuwajazia watu fomu. Mtandao ukipotea, madereva hukaa humo wakisubiri, na ili kuwachangamsha alipakua programu ya mzaha. Dirisha jeusi linafunguka. Ukigonga kitufe chochote, hata kwa kiwiko, maandishi ya kijani yanatiririka kama kwenye sinema za wadukuzi wa kompyuta, kisha yanatokea maneno makubwa: UMERUHUSIWA KUINGIA. Hakuna mahali unapoingia. Dereva mmoja alimrekodi, video ikazunguka, Akwii akaitwa Haka, yaani mdukuzi. Alicheka tu, hakukanusha.

Ndipo akaja Beldina, muuza omena, wale dagaa wa ziwani, kutoka Busia. Alikuwa ameonyeshwa video hiyo, akaja na simu iliyofungwa kwa namba ya siri. Ilikuwa ya mumewe, Ochuodho, aliyefariki mwezi uliotangulia.

"Dada, nifungulie. Sauti yake imo humu. Alikuwa hapendi kuandika, anajirekodi tu."

"Siwezi, mama. Ile ya video ni mchezo."

"Madereva unawafungulia, mimi unanikatalia?"

Akwii akampisha kitini. "Gonga mwenyewe."

Beldina akagonga. Maandishi yakashuka, maneno makubwa yakatokea. Akaitazama simu mkononi. Bado ilidai namba. Akagonga tena, kwa nguvu zaidi.

"Kwa hivyo hakuna kitu."

"Hakuna, mama."

Beldina aliinuka kitini. Akwii aliona aibu, akauliza, "Hizo sauti alikuwa anamtumia nani?"

"Si mimi, simu yangu ni mulika mwizi, ya tochi tu, haipokei sauti. Dadake, Mercyline, huko Nambale."

Wakampigia. Mercyline alikuwa nazo zote, akazituma kwa simu ya Akwii. Katika ya kwanza Ochuodho alimgombeza dadake kwa kukaa na gambuti zake, buti za mpira za shambani, akakohoa, akacheka. Nyuma yake jogoo aliwika.

"Ni yeye," Beldina alisema. "Rudisha hapo anapocheka."

Dereva aliyetaka kuchapishiwa aliambiwa angoje.

Akwii alizihamishia sauti kwenye memori kadi, na Beldina akaitia kwenye redio yake ndogo ya sokoni. Mwanzoni wauzaji wenzake walishtuka kumsikia marehemu akidai gambuti. Sasa wamezoea, na wateja wasiojua hudhani ni mchezo wa redio.