Ofisi ya Uchochoroni

Uchochoro ule ulipita kati ya ukuta wa ghala na ukuta wa shule, mwembamba kiasi kwamba watu wawili wakikutana mmoja hujibana pembeni. Ndio uliokuwa njia ya mkato ya kwenda chuo cha uuguzi. Kuzunguka barabarani kulichukua saa nzima. Lakini wakwapuzi walikuwa wameufanya mali yao. Binti wa fundi cherehani alipokwapuliwa mkoba mchana kweupe, pamoja na madaftari yake yote, alirudi nyumbani akavua sare.

"Mama, mimi na chuo basi."

Asubuhi iliyofuata mama yake aliitoa cherehani yake nje, akaiweka kwenye mdomo wa uchochoro, akaanza kushona.

"Shoga, mwenye nyumba amekufukuza?" muuza mboga alimuuliza.

"Nimehamia ofisini. Wewe unasubiri nini?"

Muuza mboga alicheka mpaka akashika kiuno. Siku ya tatu meza yake ilikuwa katikati ya uchochoro, na kinyozi amehamishia kiti chake mwisho wa pili. Wakakubaliana kwamba atakayeona jambo agonge chochote alicho nacho, na wote wasimame. Na asipigwe mtu. Hilo fundi alilirudia mpaka wakamchoka.

Mara ya kwanza walimzingira msoma mita za maji, aliyekuwa akichungulia juu ya ukuta.

"Nasoma mita, jamani."

"Mita husomwa kwa kuchuchumaa, si kwa kurefusha shingo," muuza mboga alimwambia.

Kumbe mita ile ilifungwa juu kama kiota. Wakamwomba radhi kwa nyanya nne. Wiki nzima mtaa uliwaita Jeshi la Mita, na binti akasema, "Mama, unanitia aibu."

Fundi hakuirudisha cherehani ndani.

Jumatano, binti alipokuwa amemletea chakula, vijana wawili waliingia nyuma ya mwanafunzi mmoja. Mkono ukanyooka kwenye mkoba. Mkasi wa fundi ukagonga chuma cha cherehani, mizani ya muuza mboga ikaitikia, na kule mwisho kinyozi akasimama pamoja na mteja mwenye povu nusu uso. Vijana wakatazama mbele, wakatazama nyuma. Mkoba ukaanguka.

Mpita njia mmoja akaokota jiwe. Fundi akajiweka kati yake na wale vijana, futi ya kupimia ikining'inia shingoni.

"Hapa hapigwi mtu. Watakaa kwenye benchi langu mpaka polisi waje."

Wakakaa, wapole kama wateja wanaosubiri kupimwa. Binti alimtazama mama yake kana kwamba ndiyo kwanza wanatambulishwa.

Kesho yake alivaa sare, akaingia uchochoroni akimsalimu kila mtu.

"Muuguzi, mbona mwendo wa harusi?" kinyozi alimtania.

"Bado mapema, mjomba," alijibu, wala hakuongeza hatua. Nyuma yake walikuja wenzake watano, wakipiga soga.