Mchanga wa Ukuta wa Nyuma

Udongo uliolowekwa siku tatu pamoja na nyasi zilizokatwakatwa hunuka kama zizi lililofungwa, na anayesema ni harufu nzuri basi hajawahi kuukanyaga. Mimi niliukanyaga kiangazi kizima nilipokuwa na miaka kumi na moja, nyuma ya nyumba yetu nje kidogo ya Ushirombo. Kila asubuhi kabla ya shule niliingia shimoni pamoja na mama, tukashikana mikono tusiteleze, tukazunguka mpaka tope lilainike na kuacha kufyonza nyayo. Darasani wenzangu walisogeza madawati wakiziba pua. Wala sikujali. Akina mama wa jumuiya yetu waliokuwa wakijifunza kujenga pamoja nasi walinitania kwamba nina kiherehere cha bibi harusi, nami niliwaacha wacheke. Wao walikuwa wanajifunza kazi. Mimi nilijua kwamba chumba tulichokuwa tunamjengea bibi kisiposimama kabla ya mvua ya kwanza, sisi tunahama.

Aliyesema hivyo alikuwa baba. Alikuwa mchimbaji huko Geita na nyumbani alikuja kwa nadra, siku mbili tatu, kisha anaondoka na begi lake. Bibi, mama yake mzazi, alikuwa hainuki tena kitandani, na chumba alicholala kilikuwa cha miti iliyoliwa na mchwa, tumekiegemezea magogo kwa nje kisimwangukie. Baba alitaka wote twende tukaishi naye machimboni. Mimi nilikuwa nimefika huko mara moja tu na sikutaka kurudi. Niliwaona wasichana wa umri wangu wamekaa chini ya turubai wakiponda mawe kwa nyundo, nywele nyeupe kwa vumbi, na hakuna aliyewauliza habari za shule. Mama alikataa kuhama. Walibishana wiki nzima, mpaka baba akakata neno mbele ya mama na bibi, mimi nikiwa nimesimama mlangoni. "Mama Minza, jenga. Kikisimama kabla ya mvua, ninaacha mashimo, narudi kulima mpunga. Kisiposimama, mnafunga mizigo wote, na mama tutambeba." Kwa hiyo sikuwa nakanyaga tope tu. Nilikuwa namrudisha baba nyumbani, na hakuna kitu nilichokitaka zaidi ya hicho.

Aliyetufundisha alikuwa Fundi Bertha, mwanamke mfupi kutoka Songwa, sauti nzito, asiyejua kubembeleza. Alikuwa akitukusanya uani mwa parokia na jambo la kwanza alilotuambia ni kwamba hatutachoma hata tofali moja. Watu walicheka sana. Kwetu tofali lisilopitia tanuri halikuwa tofali, na jirani mmoja aliapa kwamba mvua itainywa nyumba yetu kama uji.  Fundi Bertha alijaza chupa udongo hadi nusu, akamimina maji, akatikisa, akaiweka dirishani hadi kesho yake. Tulipoitazama, mchanga ulikuwa umetulia chini, mfinyanzi umekaa juu, nasi tukapima kwa kidole kujua ni kipi kimezidi. Halafu alitufundisha kufinyanga kibonge na kukidondosha kutoka begani: kikisambaratika, mchanga ni mwingi, kikibaki kama chapati, mfinyanzi umezidi. Akasema msingi uwe wa mawe, matofali yakauke kivulini yakifunikwa nyasi, na paa litokeze mbali na kuta. Na kila udongo mpya ukija, hata kama umetoka shimo lilelile, upimwe upya. Jambo hilo alilirudia mpaka tukalichoka.

Kuta tatu zilipanda vizuri. Kwa ukuta wa nne, ule wa nyuma, tulikuwa tumebaki na udongo wa kichuguu, na udongo huo ulikuwa na mfinyanzi mwingi mno. Matofali yalikuwa yanapasuka kabla hayajakauka. Ulihitajika mchanga. Mchanga safi ulikuwa mtoni, mwendo wa saa nzima kwenda, na kurudi na toroli zito ni adhabu. Mama alikuwa kitandani na malaria. Akanituma mimi. Nilikwenda mtoni mara mbili, mikono ikatoka malengelenge, na nilipopiga hesabu ya safari zilizobaki nikaona mvua itatukuta. Sasa, nyuma ya shule yetu kulikuwa na karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, na pembeni yake lundo kubwa la marudio, yaani mchanga unaobaki baada ya dhahabu kuoshwa. Laini, umechekechwa na wengine, dakika kumi kutoka nyumbani. Nilijiona nina akili kuliko watu wazima wote. Nilisomba toroli kumi na mbili. Chupa sikuigusa, kwa sababu nilitaka kuwahi, na kwa sababu moyoni nilijua kwamba Fundi angeniuliza umetoka wapi.

Matofali yale yalikuwa mazuri kuliko yote. Hayakupasuka hata moja. Mama alipopata nafuu aliyapapasa, akanisifia mbele ya kikundi kizima, na nilipoulizwa habari za mto nikasema maji yamepungua. Nilivyosema uongo kwa wepesi ule, mpaka leo nashangaa. Matofali yakakauka, ukuta ukapanda, na baba akatumiwa ujumbe aje kuezeka.

Fundi Bertha alirudi kutufundisha plasta ya udongo na chokaa. Tukiwa tumekaa tunachekecha, mama mmoja akauliza, kwa nia njema kabisa, kama marudio hayafai kwa plasta maana ni laini. Fundi aliacha chekecheo. Akasema marudio yasikanyage kiwanja cha nyumba ya mtu. Dhahabu imekamatwa kwa zebaki, akasema, na zebaki haiishi yote, inabaki mchangani, na anayelala ndani ya chumba hicho anaivuta mwaka baada ya mwaka. Inaharibu kifua, inaharibu mishipa. Kisha akaendelea kuchekecha.  Kifua cha bibi kilikuwa tayari kinakoroma hata akiwa amekaa kimya.

Nilinyamaza siku nne, na sijawahi kuwa na siku mbaya kama zile. Mawingu yalianza kujikusanya upande wa ziwa kila alasiri, watu wakiyaangalia na kufurahi kwa ajili ya mashamba, na mimi nikitamani yarudi yalikotoka. Baba alifika. Alizunguka chumba, akagonga kuta kwa kiganja, akatikisa kichwa kwa namna ya mtu anayekubali bila kupenda. Akaanza kupigilia kenchi za paa. Nilimsikia akipiga mluzi juu ya ngazi, baba ambaye hapigi mluzi, na nikajisemea: kaa kimya, Minza, baba anarudi nyumbani. Nilimkasirikia Fundi Bertha kwa kusema. Nilimkasirikia hata yule mama aliyeuliza.

Siku ya tano nilikuwa nampa bibi uji. Akaniambia kwa ile sauti yake ya kukatikakatika, "Mayu, waambie kitanda changu wakiweke ukuta wa nyuma. Nataka niuone mlango." Kwetu mayu ni mama, na alikuwa akiniita hivyo tangu nizaliwe.  Nikaweka kikombe chini, nikatoka nje walipokuwa mama, baba na Fundi Bertha, nikasema yote kwa mkupuo kabla woga haujanirudisha. Mchanga si wa mtoni. Ukuta wote wa nyuma ni marudio. Nilidanganya.

Hakuna aliyenipiga. Ingekuwa afadhali. Fundi Bertha alifunga macho kidogo, akauliza kama kuna tofali lolote la mchanga huo kwenye kuta nyingine, nikasema hakuna. Baba alishuka ngazi akicheka kwa hasira. "Zebaki naishika kwa mikono hii miaka yote. Nimekufa?" Akasema ukuta umesimama, maneno yameisha, bibi anahamia kesho. Mama alimtazama yeye, akanitazama mimi, akatazama mawingu. Kisha akachukua sururu iliyokuwa imeegemezwa pale na kuupiga ukuta wa nyuma katikati. Fundi Bertha akashusha kenchi chache zilizokuwa juu, akamfuata na jembe. Mimi nilibeba vipande hadi shimo tulilochimba mbali na kisima, nikilia mpaka makamasi yananiingia mdomoni. Tulikuwa hatujamaliza mvua ilipoanguka. Kuta tatu zilisimama bila paa, zimefunikwa nyasi na turubai, zikatota juu juu na hazikunyweka kama uji. Ila chumba hakikuwa chumba. Baba alikuwa amejikinga chini ya kipenu, na mvua ilipopungua akasema, "Neno langu ni lile. Fungeni mizigo."

Mama alikuwa ametapakaa tope mpaka kope. "Baba Minza, nenda," akasema. "Sisi tunabaki na mama yako." Sikuwahi kumsikia akimjibu hivyo. Kesho yake asubuhi baba aliondoka peke yake, na mimi nilisimama barabarani nikijua nani kamfukuza.

Ukuta tuliujenga upya mvua zilipokata mwanzoni mwa mwaka, kwa mchanga wa mtoni, kila toroli limepimwa kwa chupa. Bibi aliishi humo miaka sita akiutazama mlango wake. Sasa mimi ndiye fundi. Nafundisha vikundi huku kwetu hadi Kahama, na wanaocheka nyumba isiyochomwa wamepungua, kwa kuwa miti ya kuchomea imekwisha na saruji inawashinda. Watoto wanaokuja na wazazi wao wanatumia simu kupiga picha chupa. Wananuka tope kama nilivyonuka, ila hakuna baba aliyewekwa rehani kwenye ukuta wao, na nawaonea wivu kwa hilo.

Baba alirudi miaka mitatu iliyopita. Mikono inamtetemeka, hawezi kushika kikombe, na daktari alipouliza kazi aliyofanya hakuhitaji kuuliza la pili. Tumempa chumba cha bibi. Juzi nilikuwa namnywesha chai na likanitoka neno nililolibeba tangu utotoni. "Baba, ningenyamaza siku ile, ungebaki nyumbani."

Alimeza taratibu. Nikamfuta kidevu.

"Nisingebaki," akasema. "Begi nilikuwa nimelifunga tangu asubuhi, kabla hujasema kitu."

Sijui kama ni kweli au alinionea huruma. Nilimwomba aniambie tena, akaniambia tena.