Skrini ya Inchi Kumi na Tano

Harufu ya plastiki inayopata moto hunirudisha Yombo hata nikiwa katikati ya kazi. Mama alikuwa na kibanda cha stashenari mbele ya nyumba yetu, na mashine yake ya laminesheni ilipowaka, harufu yake iliingia mpaka jikoni ikakaa juu ya wali. Juu ya meza ya kibanda palikuwa na kompyuta aliyoinunua ikiwa imeshatumika: kasha jeusi, ambalo mtaa mzima uliliita sipiyu, na skrini ya mraba ya inchi kumi na tano iliyokuwa imefifia kona moja. Kwa kompyuta hiyo mama alichapa kadi za harusi, barua za kuomba kazi, mialiko ya maulidi, na ratiba za ibada za mazishi za majirani zetu Wakristo. Sare zetu za shule zilitoka humo, na mboga pia. Kaka yangu Rashidi na mimi tulilijua hilo vizuri, lakini kujua ni jambo moja na kuwa mtoto ni jambo lingine.

Nilikuwa binti wa miaka kumi na miwili, yeye kumi na mitano. Likizo ile Rashidi alipata kwa rafiki yake mchezo wa mpira wa kwenye kompyuta, na mama akaturuhusu kuucheza kila Jumapili baada ya kufunga kibanda. Ilikuwa mateso matupu. Wachezaji walikwama hewani mguu juu, na picha ilipozinduka, kipa alikuwa ameshafungwa. Tukaambiwa sipiyu yetu haina kadi ya grafiksi, yaani kile kibao cha ndani kinachochora picha za kwenye skrini. Tangu siku hiyo hatukulala vizuri. Tuliweka pamoja mkono wa Idi wa sikukuu mbili, zile senti ambazo wajomba na mashangazi huwapa watoto baada ya swala, tukaenda kumwomba mama ruhusa. Aliifunga sipiyu katika kanga yake, kwa sababu kwa mafundi wa kwetu hununui kifaa cha ndani bila kwenda na mashine yenyewe kijaribiwe mbele yako. Aliponikabidhi aliniambia mimi, si Rashidi: "Mkiiua hiyo, mmeniua mimi."

Tulipanda bajaji hadi Tandika, sipiyu nimeipakata kama mgonjwa. Skrini tuliiacha nyumbani. Rashidi alisema ni nzito, lakini nilijua anaionea haya. Fundi wetu alikuwa dada Zuhura, mwanamke mrefu mwenye baibui na bisibisi nyuma ya sikio, mwenye kabanda kembamba nyuma ya wauza mitumba. Tukamwamkia shikamoo, tukamweleza tunatafuta kadi ya kuchezea mpira, naye akauliza swali moja tu kabla hata ya kuifungua ile kanga: skrini yetu ikoje? Bahati mbaya kwenye benchi walikuwepo vijana wawili wa shule ya kina Rashidi wakisubiri simu zao. Kaka yangu alikohoa, akajibu kwamba ni kubwa, ile pana ya kisasa, ya inchi ishirini na saba. Mimi nikatazama miguu yangu.

Basi dada Zuhura akatujaribishia kwenye skrini yake mwenyewe, pana kweli kweli. Kwanza aliweka kadi ndogo, isiyozidi kiganja, ambayo haikuhitaji waya wowote wa ziada. Mchezo ukaenda kwa kuchechemea. Akatikisa kichwa, akatoa kadi nyingine kwenye mashine yake, nene, yenye feni mbili, imeshatumika lakini bado ina nguvu, akasema kwa skrini kama tuliyomtajia hii ndiyo yenyewe. Macho ya Rashidi yaliwaka. Fundi akaonya kwamba kadi ile inakula umeme, na pawa saplai ya sipiyu yetu, kile kifaa cha kuigawia umeme, ni dhaifu na kongwe. Ingefaa ibadilishwe kwanza, lakini mkono wa Idi haukutosha vyote viwili. Rashidi akasema aiweke hivyo hivyo. Dada Zuhura akamwangalia, akasema mwenye mali ndiye mwenye kauli, ila ikizima jumla tusimrudie. Akachukua bisibisi.

Wahenga walisema tamaa mbele, mauti nyuma, na mimi niliyaona mauti yenyewe yamekaa mezani na feni zake mbili. Niliona kibanda cha mama kimefungwa, na watu wa harusi wakimdai kadi zao. Nikawasahau wale vijana wa kwenye benchi. Nikasema, kwa sauti iliyotoka kubwa kuliko nilivyotaka, "Dada, skrini yetu ni ya inchi kumi na tano. Ile ya mraba. Na hii kompyuta ni ya mama, anafanyia kazi."

Vijana wakacheka. Rashidi akanikanyaga, na alama ya soli yake ilikaa mguuni mwangu mpaka jioni. Lakini dada Zuhura aliiweka bisibisi chini, akashusha pumzi kana kwamba na yeye alikuwa ameliombea lile kasha. Akainama chini ya meza, akavuta skrini kuukuu, pacha wa yetu kabisa, akaipangusa kwa mtandio wake. "Mngesema mapema," alisema. "Kadi inachora vidoti, na hii skrini yenu vidoti vyake vichache. Kufagia chumba kimoja si sawa na kufagia uwanja." Akairudisha kadi ndogo ndani ya sipiyu yetu, akawasha.

Mchezaji akakimbia. Hakukwama hata mara moja. Alipiga krosi, mpira ukaruka, mwenzake akaruka, na nyavu zikatikisika papo hapo. Rashidi alisahau kuninunia akanishika bega, na wale vijana wakasimama kutazama juu ya vichwa vyetu. Nililia, sioni haya kusema. Nilikuwa nimefurahi, lakini zaidi ya furaha nilikuwa nimetua mzigo. Tulirudi Yombo na sipiyu nzima, na chenji iliyotutosha mihogo ya kukaanga njia nzima. Mama aliichomeka mwenyewe, akafungua kadi ya harusi aliyoiacha nusu, akaona maua yake yote yapo, ndipo akatuuliza kama tumekula.

Leo nafanya kazi mbele ya skrini mbili ambazo Rashidi wa wakati ule angezionea fahari. Maduka yamejaa kadi za kila aina, na kila muuzaji ana sababu ya kukuuzia ile kubwa zaidi. Mtu hujikuna ajipatapo, lakini ugumu ni kukiri mkono wako unapoishia, hasa kama kuna benchi la watu wanaosikiliza. Sisi tulikaribia kuuunguza mkate wa mama kwa ajili ya vijana wawili ambao leo hata majina yao siyakumbuki.

Mwezi uliopita mtoto wa Rashidi, Twalibu, alinipigia simu. Baba yake amempa kompyuta ya zamani ya ofisini, naye anatafuta kadi ya kuchezea mpira. Nikamuuliza skrini yake ikoje. Nyuma yake nilisikia rafiki zake wakipiga kelele, nikajikuta nimeishika simu kwa mikono miwili.

"Ya kwetu ndogo, shangazi," akasema. "Tena ya zamani. Ipi itaifaa?"

Nikashusha pumzi, kama vile sipiyu ya mama ilikuwa bado mapajani mwangu.